VISU VYEUPE NA VISU VYEUSI

Mtu akienda katika soko la Arua kununua kisu, ataona aina mbili zimelazwa juu ya turubai moja. Aina ya kwanza ni visu vyeupe vya viwandani, ving'aavyo kama kioo, vyenye mipini ya plastiki ya rangi. Aina ya pili ni visu vyeusi vya wahunzi wetu. Vina alama za nyundo ubavuni, na mipini yake ni ya mti. Wanunuzi wengi huokota kile cheupe. Ukiwauliza sababu hujibu kwamba cheupe hakishiki kutu, na kwamba kisichoshika kutu ndicho chenye nguvu. Nimesikia maneno hayo hata kwa wanafunzi wenzangu wanaosoma Kemia, na ndiyo sababu nimeomba nafasi katika ukurasa wetu wa Kiswahili. Kutoshika kutu ni jambo moja, na kukata ni jambo jingine, na mara nyingi katika visu mambo hayo mawili hushindana.

Wala shauri hili si la mchezo. Katika pande zetu za West Nile muhogo humenywa karibu kila siku, na nyumba nyingi zina kisu kimoja tu. Mama mwenye kisu kibutu husukuma kwa nguvu, kisu huteleza juu ya ganda, na kidole hukatika. Tena kisu kibovu kikitupwa kila baada ya miezi michache, fedha iliyokinunua ingeweza kununua madaftari.

Kabla sijaendelea, wadogo zangu wa kidato cha kwanza wasije wakasema nimewapa ruhusa. Visu vya kukunja ni marufuku hapa shuleni, nami naona ni haki. Ninayoyaandika ni ya jikoni na shambani wakati wa likizo.

Basi, kwanza tuijue feleji yenyewe, ambayo wazee wa pwani waliiita pia chuma cha pua. Chuma kitupu ni laini. Ukikichonga kiwe kisu, makali yake hupinda mara moja. Kinachokigeuza kuwa feleji ni kaboni, ile ile iliyomo katika makaa, nayo hutakiwa kidogo mno. Katika kilo 100 za feleji ya kisu kizuri kuna kaboni ya nusu kilo mpaka kilo moja hivi. Ikipungua sana, chuma hakigandi kuwa kigumu. Ikizidi kilo mbili, twapata chuma cha kalibu, kile cha sufuria nzito za zamani, ambacho ukikipiga nyundo huvunjika.

Lakini kaboni peke yake haitoshi. Yahitaji moto na maji. Feleji ikiwa nyekundu sana, kaboni huyeyuka ndani yake kama chumvi ndani ya uji, ingawa feleji yenyewe haijayeyuka. Ikipoa polepole, kaboni hujitenga tena na feleji hubaki laini. Ikizamishwa ghafula katika maji au mafuta, kaboni hukosa nafasi ya kutoka, hunaswa katikati ya chembe za chuma na kuzisukuma huku na huku, na feleji huwa ngumu kama kioo. Tena huvunjika kama kioo, na kwa hiyo ni lazima irudishwe katika moto mdogo ili ugumu upungue kidogo. Kazi yote ya mhunzi wa visu imo katika hatua hizo mbili. Kufua kwa nyundo, ambako watazamaji hukusifu, ni kutengeneza umbo tu.

Nimeyaona haya kwa macho yangu Koboko, mji ulio kaskazini mwa Arua kwa mwendo wa kilomita kama 55, karibu na mahali Uganda, Kongo na Sudan Kusini zinapokutana. Malori yaendayo Sudan Kusini hupita hapo kuelekea mpaka wa Oraba, na lori likivunja springi, springi ile haitupwi. Mhunzi huinunua. Nayo kwa kweli ni bahati yetu, maana springi za malori huwa na kaboni ya karibu sehemu 60 katika 10,000, kipimo kinachofaa kabisa kwa kisu. Kiwanda kiliichagua feleji ile ili ipinde na kurudi maelfu ya mara bila kuvunjika; mhunzi wa Koboko huipata bila kulipa mtaalamu yeyote.

Mzee niliyemtembelea hufanya kazi chini ya paa la nyasi lililoshuka sana, hata nikadhani anajificha jua kwa ajili ya joto. Sivyo. Aliniambia kwamba katika mwanga mkali rangi ya moto haionekani, na asiyeona rangi hajui alipofika. Chombo chake cha pili ni sumaku aliyoing'oa katika spika ya redio mbovu. Feleji ikifikia joto la digrii 770 za Sentigredi, sumaku haiivuti tena. Jambo hilo tumelisoma katika Fizikia na kuliandika katika mtihani, lakini sikuwa nimewahi kuona mtu akilitumia kutafuta chakula chake. Alikigusisha kisu chekundu na sumaku, kikakataa kushikwa, akakirudisha makaani kitambo kidogo kipande joto tena, kisha akakizamisha katika mafuta machafu ya injini.

Baadaye alikisugua ubapa mpaka ukawa mweupe, akakiweka juu ya chuma cha moto, upande wa mgongo chini. Rangi zikaanza kutembea juu ya bapa lile: kwanza manjano ya majani makavu, kisha kahawia, kisha zambarau, kisha buluu. Manjano ile huja kwenye digrii 220 hivi, na buluu karibu na 300. Manjano ilipofika kwenye makali alikitumbukiza majini. Mgongo ulikuwa umekwisha kuwa buluu, maana yake ni laini zaidi na hauvunjiki, na makali yalibaki magumu. Kisu kimoja kina tabia mbili, na ameyafanya hayo kwa macho tu.

Nikamwuliza, "Mzee, mbona hufui visu vya stenlesi, na watu ndivyo wanavyovipenda?"

Akacheka. "Mwanangu, hicho cheupe hakinisikii. Nakipiga, hakitaki. Nakizamisha, sijui kimekubali au kimekataa."

Jibu hilo ni sahihi kuliko alivyodhani yeye mwenyewe, lakini ili tulielewe yatupasa kwenda kwanza Uingereza, katika mji wa Sheffield, mwaka 1913. Huko alikuwako mtaalamu jina lake Harry Brearley, ambaye hakuwa akitafuta kisu hata kidogo. Alikuwa akitafuta feleji ya mitutu ya bunduki isiyoliwa upesi na moto wa baruti. Mwezi wa Agosti aliyeyusha feleji yenye kromiamu sehemu 12.8 katika 100, na kaboni sehemu 0.24. Alipotaka kuichunguza kwa asidi, kama ilivyo desturi, asidi haikuila. Akafahamu kwamba hiyo yafaa kwa visu vya mezani. Lakini mafundi wa kwanza wa visu aliowapa walisema haifai kitu, haikubali kufanyizwa kisu. Ndipo fundi mwingine wa mji ule, Ernest Stuart, akaijaribu kwa siki, akaiona haina doa, akaipa jina lenye maana hiyo hiyo: stenlesi, isiyo na doa. Naye alishindwa kwanza, mpaka alipopata joto la kuifanyia kazi.

Sababu ya mafundi wale kushindwa ndiyo sababu ya mzee wangu wa Koboko. Kromiamu huipenda kaboni kupita kiasi. Huikamata na kufanya nayo punje ngumu sana, na punje hizo hazitaki kuyeyuka katika moto wa kawaida. Feleji nyeusi huwa tayari kuzamishwa kwenye digrii 800 na kitu. Nyeupe yataka 1,000 mpaka 1,050, na ikae hapo dakika kadhaa bila kupanda wala kushuka sana. Katika makaa, kwa jicho, hakuna mtu awezaye kuushika moto ule barabara. Ukipungua, kisu hubaki laini, ukizidi, huharibika. Isitoshe, sumaku yake ya redio haimwambii neno, maana joto la sumaku na joto la kazi ni mbali mbali. Viwanda hutumia tanuri za umeme zenye vipimo. Kwa hiyo mhunzi wetu hakuiacha stenlesi kwa ujinga. Aliijaribu, akaijua.

Na kwa nini nyeupe haishiki kutu? Kromiamu iliyo juu ya uso wake hushikana na hewa na kufanya ngozi nyembamba, nyembamba kuliko unywele mara maelfu mengi, isiyopenyeka. Ukiikwaruza, hujiziba yenyewe. Yahitaji kromiamu ya sehemu 10.5 katika 100 au zaidi. Kutu ya chuma cha kawaida ni kinyume chake. Hupasuka na kumomonyoka, na chuma kipya kilicho chini hupata hewa na kuliwa nacho.

Lakini wenzangu wakosea wanaposema "stenlesi" kana kwamba ni kitu kimoja. Vijiko vya bwaloni ni stenlesi yenye kromiamu 18 na nikeli 8, jamaa ya ile iliyopatikana katika kiwanda cha Krupp huko Ujerumani mwaka 1912. Hiyo haigandi kwa moto wowote, na kwa kawaida sumaku haiivuti. Kisu cha feleji hiyo hakiwezi kuwa kisu. Ipo ya visu vya bei nafuu, yenye kromiamu 13 na kaboni kidogo, hugeuka kuwa ngumu kiasi, basi. Ipo tena ya visu bora, yenye kaboni karibu moja katika 100 na kromiamu 17, ambayo hukaa na makali muda mrefu. Zote tatu zang'aa sawasawa sokoni. Mng'ao hauwezi kukuambia ni ipi.

Mwezi wa likizo nilivijaribu visu vitatu pamoja na ndugu zangu wawili nyumbani: cheusi cha mhunzi, cheupe cha bei ndogo kutoka Arua, na cheupe kizuri tulichoazima kwa mwalimu mmoja. Tulivinoa vyote, tukamenya muhogo. Kile cha bei ndogo kilikuwa kibutu kabla kikapu hakijaisha. Cheusi kilimaliza kikapu, na cha mwalimu pia kilimaliza. Kisha tulikata ndimu kwa vyote vitatu, tukaviacha bila kuvifuta mpaka asubuhi. Vyeupe viwili vilikuwa kama vilivyokuwa jioni. Cheusi kilikuwa na mabaka meusi na kutu nyekundu karibu na mpini, na embe tuliyoikata nacho ilikuwa na ladha ya chuma. Mama alikataa kuila. Kwa hiyo wanaosifu vyeusi wasiseme kwamba havina kosa.

Jambo lililonishangaza lilikuja tulipovinoa tena juu ya jiwe letu la mchanga lililo karibu na kisima. Cheusi kilirudi kuwa kikali kwa muda wa kuchemsha chai. Cha bei ndogo kilifanya ukingo laini ulioning'inia kama uzi na kupinda huku na huku bila kukatika. Cha mwalimu kilitutoa jasho. Nimepata sababu yake: zile punje za kromiamu na kaboni ni ngumu kuliko mchanga wa jiwe letu. Kisu kizuri cheupe chataka kinoo cha dukani, na vinoo hivyo vina bei. Basi mtu anayenunua kisu bora cheupe bila kinoo chake amenunua nusu ya kitu. Kitakata vizuri mpaka siku kitakapokuwa kibutu, halafu kitakaa vile vile.

Nisidhaniwe kwamba nasema cheusi ni chetu na cheupe ni cha wageni. Kisu cha kukunja kinachojulikana Afrika nzima, Okapi, chenye mpini wa mti uliotiwa alama za miezi na nyota, ni cha feleji nyeusi, na kilianza kufanyizwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni yake ya Afrika. Mwaka 1987 haki za kukitengeneza zilinunuliwa na watu wa Afrika Kusini, nacho hufanyizwa huko. Jina lake ni la mnyama wa misitu ya Ituri, jirani zetu wa Kongo, ambaye wataalamu wa Ulaya walimjua mwaka 1901 kwa ngozi na mafuvu yaliyopelekwa London na Sir Harry Johnston, wakati huo mkuu wa serikali ya Waingereza hapa Uganda. Wambuti walikuwa wakimjua siku zote, bila shaka. Nao Wafaransa wana kisu cha kukunja kiitwacho Opinel, tangu mwaka 1890, na kiwanda hicho hicho huuza cheusi na cheupe kwa umbo moja, mnunuzi achague. Waswisi wa Victorinox wao waliifuata nyeupe kabisa, hata wakatia silabi ya mwisho katika jina la kiwanda mwaka 1921 kwa ajili yake.

Tena feleji nyeusi si mgeni katika Afrika Mashariki. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery waliandika katika gazeti la Science kwamba Wahaya, magharibi ya Ziwa Victoria katika Tanzania, walikuwa wakiyeyusha feleji yenye kaboni katika tanuri za udongo yapata miaka 1,500 mpaka 2,000 iliyopita, kwa ufundi wa kuipasha hewa moto kabla haijaingia katika tanuri. Leo wahunzi wa pande zetu hawayeyushi mawe tena, hutumia vyuma chakavu. Mzee alinilalamikia kwamba springi nzuri zimepungua, kwa kuwa wanunuzi wa vyuma chakavu hupita na magari kuvipeleka kwenye viwanda vya mbali, na wao hulipa kwa uzito. Kwao springi na kipande cha bati ni mamoja.

Hapo ndipo penye hatari kwa mnunuzi wa cheusi. Springi ikikosekana, wako wanaofua visu kwa nondo za nyumba. Nondo ya kawaida ina kaboni kidogo. Hata ukiizamisha mara kumi haigandi kuwa ngumu inavyopasa. Kisu cha nondo ni cheusi vile vile, kina alama za nyundo vile vile, nacho hakikati. Mzee wangu aliwataja wafanyao hivyo kwa maneno ambayo mhariri hataniruhusu kuyaandika.

Neno moja juu ya kutu na ugonjwa, maana nimeulizwa sana. Watu husema kisu cha kutu huleta pepopunda. Kutu haileti pepopunda. Ugonjwa ule huletwa na vijidudu vinavyokaa katika udongo na mavi ya wanyama, vikiingia katika jeraha, hasa jeraha la ndani lisilopata hewa. Kisu cheupe kilichoanguka zizini chaweza kukuua, na cheusi kilichooshwa kisikudhuru. Kinga ni chanjo, na jeraha lioshwe mara moja kwa maji na sabuni. Ni kweli kwamba kisu chenye mashimo ya kutu hushika uchafu zaidi na huosheka kwa taabu, na kwa sababu hiyo vyombo vya zahanati, vinavyochemshwa kila siku, hufaa viwe vyeupe. Kadhalika wenye kupasua samaki na kutia chumvi huko Panyimur penye Ziwa Albert, na ndugu zetu wa Mombasa na Unguja wanaoishi katika hewa ya bahari. Kwao ningeshauri nyeupe bila kusita, ingawa chumvi nyingi yaweza kuitoboa hata hiyo.

Kwa mpishi wa muhogo, nyama na viazi, aliye na jiwe la mchanga uani na asiye na fedha ya kinoo, mimi nachagua cheusi cha springi. Lakini akubali kazi yake: akifute kila akimaliza, asikiache majini pamoja na vyombo, na usiku akipake mafuta ya kula kidogo. Baada ya wiki chache za vitunguu na maembe, bapa lake litageuka kuwa la kijivu na buluu. Hiyo si kutu, ni ngozi yake, isisuguliwe kwa mchanga. Haiwezi kukilinda kama kromiamu, lakini hupunguza kutu na ile ladha ya chuma.

Na atakijuaje cha springi sokoni? Achukue tupa, aipitishe pole juu ya makali. Kwenye nondo tupa huuma na kutoa unga wa chuma. Kwenye feleji iliyozamishwa vizuri tupa huteleza, na sauti yake huwa nyembamba kama ya kioo. Jaribio hilo hilo laweza kufanywa kwa cheupe, nalo hufichua upesi kile cha bei ndogo. Cheupe kisichovutwa na sumaku kirudishwe kwenye turubai pasipo maneno mengi. Ila aombe ruhusa kwanza. Mimi mhunzi alinipa kisu cha kujaribia, lakini nilipomtolea tupa muuzaji mmoja wa Arua, alikikunja kitambaa chake chote na visu vyake ndani, akaniuliza kama nimetumwa na watu wa kodi.